Mjomba Alivyomtazama Simba

Mjomba wangu ana jina zuri la kazi: Darubini. Alipewa na madereva wenzake zamani, enzi ambazo aliona sikio la chui kwenye matawi wakati wenzake bado wanautafuta mti. Kampuni ikatundika picha yake ukutani pale mapokezi, na yeye mwenyewe akaacha kuvaa miwani ya jua ili watu wayaone vizuri hayo macho yanayosifiwa. Mimi naitwa Redio. Hilo halihitaji maelezo.

Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani nachekesha majirani bure, mpaka mama akamwambia kaka yake, "Mchukue huyu binti, akawachekeshe wanyama." Ndivyo nilivyoingia kwenye utalii. Kwenye karatasi niliitwa mwanafunzi wa uongozaji. Kwa vitendo nilikuwa mwosha vioo, mbeba sanduku la chakula, na mkaa kiti cha mbele kando ya mjomba ili nijifunze.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba mjomba haoni.

Ilikuwa hivi. Siku moja aliwasimamishia wageni gari, akazima injini, akashusha sauti mpaka ikawa ya msibani, akawaonyesha kifaru amelala. Wageni wakainua kamera. Nami nikamtazama yule kifaru, nikaona mgongoni ameota majani. Nikageuka haraka nikawaambia wageni kwa lugha yao kwamba mjomba ni mtani sana, hilo ni jiwe, kila mgeni anayekuja lazima adanganywe nalo ndipo awe ametembelea mbuga kweli. Wakacheka hadi wakafuta machozi. Mjomba naye akacheka, ila akawasha injini haraka tukaondoka.

Tangu hapo hatukukaa tukakubaliana chochote. Ilianza tu. Mimi nilikuwa nalaza mkono nyuma ya kiti chake, kidole kikiwa begani kwake. Nikimsukuma bega, anatazama kulia. Nikilivuta, kushoto. Nikimbana, anasimama. Kisha namnong'oneza, "Mti wa pili, tawi la chini, mkia unaning'inia," naye anageuka kwa wageni kwa madaha yote, "Mabibi na mabwana, chui." Wageni walidhani ule mkono ni mapenzi ya mjomba na mpwa wake. Na kweli yalikuwa mapenzi, ila yenye kazi nyingi.

Msinielewe vibaya. Njia aliiona. Barabara za mbugani alizijua kama mtu anavyoijua njia ya kutoka kitandani kwenda chooni gizani. Lakini kitu kikiwa mbali kidogo, au kikifanana rangi na nyasi kavu, au jua likimpiga usoni, kwake kitu hicho kilikuwa hakijaumbwa.

Niliwahi kumwambia aende akapimwe. Tulikuwa sebuleni kwake, amesogeza kiti mpaka magoti yanagusa meza ya televisheni.

"Mjomba, hiyo televisheni unaitazama au unataka kuibusu?"

"Ni vumbi tu hili, mwanangu. Miaka yote linaingia, litakaa wapi?"

"Basi twende likatolewe."

"Ukienda kwa watu wa macho wanakuandika. Wakishakuandika, leseni inakuaga. Mimi bila gari ni nani? Niambie. Nikae hapa na huyu mama tuwatazame nzi?"

Mkewe alikuwa pembeni anapiga pasi. Hakuinua hata kichwa. "Nzi wenyewe utawaona?"

Tukacheka wote watatu, na maneno yakaishia hapo. Familia yetu ndivyo inavyoficha mambo. Tunayacheka mpaka yanaona aibu, yanaondoka yenyewe. Hili lilikataa kuondoka.

Siku ninayoisimulia tulikuwa na wageni wawili, mke na mume. Mke alikuwa daktari wa meno. Mume sikuwahi kuelewa anafanya nini, kwa sababu muda wote nilikuwa natazama kofia yake. Ilikuwa pana, ina kamba ya kufungia kidevuni, ina mifuko, na nadhani ilikuwa na mfuko mwingine ndani ya mfuko. Kimoyomoyo nikambatiza Bwana Kofia.

Daktari wa meno nilimpenda tangu tulipotoka getini. Alisimama kwenye paa lililofunguliwa, upepo unampiga, hakupiga picha hata moja. Nikamuuliza kama kamera imeharibika.

"Hapana," akasema. "Kazini nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, natazama ndani ya midomo ya watu. Kitu cha mbali kabisa ninachokiona kwa siku ni jino la mwisho. Acha kwanza nitazame mbali."

Nikamtafsiria mjomba, ingawa lugha ile anaijua kuliko mimi. Akatikisa kichwa taratibu.

Nami nikatazama alikokuwa anatazama. Unajua, ukifanya kazi mbugani unaanza kuona wanyama kama bidhaa dukani: tembo wapo, twiga wapo, chui tutaagiza. Asubuhi ile, kwa sababu ya yule mama, niliona upya. Nyasi zilikuwa zimekauka zikawa na rangi ya mkate, zinalala na kuinuka kwa upepo mpaka macho yanapoishia. Punda milia walikuwa wanatembea kwa mstari kama wanafunzi waliochelewa. Mbali zaidi, vumbi la nyati. Hakuna ukuta. Hakuna mtu anayekuuliza unaenda wapi. Na chini ya uzuri wote huo kuna kile kinachowafanya watu wavuke bahari kuja huku: unajua kwamba mahali fulani kwenye nyasi hizo kuna kitu kinachokujua wewe kabla hujakijua.

Asubuhi ilienda vizuri. Nilimsukuma bega, akapata tembo. Nikamvuta, akapata twiga na mtoto. Nikambana, tukasimama chini ya mti wenye chui, na Bwana Kofia akampa mjomba mkono kama vile yeye ndiye aliyemzaa yule chui.

Mchana jua likawa kali. Tulikuwa tunarudi, barabara inapita katikati ya vichaka na vichuguu, Bwana Kofia akasema ana haja ndogo na haiwezi kusubiri.

Hapa lazima nieleze utaratibu, maana kila kitu kinatoka hapo. Mgeni hashuki hivihivi. Dereva anashuka kwanza peke yake, analizunguka gari, anakagua kila kichaka na kila kichuguu cha karibu. Akiridhika anasema "Safi," ndipo mgeni anashuka, tena haendi mbali. Msaidizi anabaki ndani na wageni, milango imefungwa. Huo ndio utaratibu wa kampuni, na ni mzuri. Ila umetungwa kwa dereva anayeona. Sisi wawili tulikuwa tumejitungia mpango wetu wa kidole na bega, na mpango wetu ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa alimradi tumekaa viti vya jirani. Hatukuwahi hata siku moja kujiuliza itakuwaje akishuka.

Akashuka. Nikamwona anazunguka mbele ya gari, mkono kiunoni, kichwa juu, mwendo wa mwenye mji. Nami nikainama kumtafutia Bwana Kofia karatasi laini kwenye sanduku la chakula, nikisukuma mayai huku na chupa za maji kule.

"Safi," akaita mjomba.

Bwana Kofia akafungua mlango wa nyuma, akaenda upande wa kushoto, nyuma ya kichaka kidogo. Nikainua kichwa na karatasi mkononi.

Mjomba alikuwa amesimama mbele ya gari, upande wa kulia, jua likimpiga usoni, anatazama kichuguu. Na pembeni ya kichuguu, palepale alipokuwa anatazama, nyasi zilikuwa na macho.

Simba jike. Alikuwa amejibana chini, tumbo limegusa ardhi, mabega yamepanda juu ya kichwa. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo kama tiketi iliyotobolewa. Nyuma yake kitu kidogo kilisogea, kisha kingine. Watoto. Umbali kati yake na mjomba ni kama wewe ukae kwenye kochi na mwenzako asimame kwenye mlango wa jikoni.

Mjomba alikuwa anatabasamu.

Nimewahi kuogopa. Nimewahi kuogopa mtihani, nimewahi kuogopa mbwa wa jirani, nimewahi kumwogopa mama akiwa na mwiko. Hii haikuwa hiyo.

Daktari wa meno alimwona sekunde ileile. Hakupiga kelele. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaukaza.

Kupiga kelele ndicho kitu ambacho mwili wangu wote ulikuwa unataka. Lakini nikipiga kelele, Bwana Kofia atatoka mbio kichakani. Akikimbia, simba ataruka, na kati ya simba na Bwana Kofia amesimama mjomba wangu. Hilo alinifundisha yeye mwenyewe: simba akiwa na watoto, ukikimbia umemwita.

Kwa hiyo nikatumia sauti yangu ya kila siku. Ile ya kuuliza nani amemaliza sukari.

"Mjomba. Usitingishike. Kuna simba jike mbele yako, ana watoto."

Tabasamu likabaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa. Hakugeuza kichwa. Midomo tu ndiyo ilisogea.

"Wapi?"

Nitakuwa nalisikia neno hilo mpaka nizeeke. Simba yuko mbele ya pua yake, wanatazamana kama watu wanaodaiana, naye ananiuliza wapi.

"Mbele. Umemtazama. Kulia kwa kichuguu."

"Mkia?"

"Unapiga chini. Kulia, kushoto."

"Mgeni yuko wapi?"

"Bado kichakani."

Akavuta pumzi. Niliona shati likipanda mgongoni. Kisha mjomba, ambaye hakuwa anaona kitu zaidi ya mwanga na nyasi, akainua mikono yake taratibu ili aonekane mkubwa, akaanza kuongea na simba. Sauti ileile ya kuwaelezea wageni historia ya mbuga.

"Mama, tumekosea njia. Tunaona una watoto. Wazuri sana. Hatukuja kwako, tunapita tu." Halafu bila kubadilisha sauti, "Redio, lete gari."

"Sijawahi kuliendesha na wageni."

"Leo umewahi. Polepole. Liingize kati."

Nikajivuta mpaka kiti chake. Kilikuwa bado na joto lake. Mikono yangu ilikuwa na jasho mpaka ufunguo ukaniteleza mara ya kwanza. Mara ya pili injini ikawaka, na simba akatoa sauti. Sio ile ngurumo ya kwenye filamu. Ilikuwa ndogo, ya ndani, kama mtu anavuta meza nzito chumba cha pili. Nikaisikia kwenye kiti.

"Mkia," akasema mjomba.

"Umesimama. Umenyooka juu."

Wote wawili tulijua maana yake. Mkia ukinyooka, mazungumzo yamekwisha.

Nikaachia klachi. Gari likasogea kwa kutambaa, nyasi zikikwaruza chini ya tumbo lake. Nilikuwa namtazama simba, namtazama mjomba, natazama nafasi kati yao ambayo ilikuwa inatosha gari na pengine isitoshe. Simba akaja hatua mbili za haraka, akasimama. Vumbi likamfikia mjomba viatuni. Hakurudi nyuma. Mikono yake ilikuwa bado juu, na miguu ilikuwa kama imepandwa.

Boneti ikaingia kati. Kisha mlango wangu. Simba alikuwa upande wangu, kioo kimoja tu kati yetu, natazama ndani ya mdomo wake.

"Meno yake ya juu ni mazima kabisa," akanong'ona daktari wa meno nyuma yangu, sauti yote imekauka. Sijui kwa nini alisema. Nadhani kila mtu anapoogopa anakimbilia kazini kwake.

Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa. Mjomba akapapasa ukingo wa mlango, akapapasa kiti, akaingia. Ndipo Bwana Kofia akatokea kichakani anafunga zipu, kofia imeinama, akauliza kwa nini gari limehama. Mkewe akamwambia neno moja. Akaingia kwa kichwa.

Nikaendesha. Sikupunguza mwendo mpaka tukavuka daraja.

Kisha Bwana Kofia alipoelezwa na mkewe kilichotokea, akaanza kusema na hakunyamaza tena. Mkewe alikuwa amepiga picha moja tu siku nzima, kwa simu, ile ya mjomba ameinua mikono na simba mbele yake. Alisema hakujua hata kama kidole chake kimebonyeza. Bwana Kofia aliitazama ile picha njia nzima. Jinsi alivyosimama. Jinsi alivyomtazama simba machoni bila kupepesa. Alisema amesoma vitabu vingi kuhusu mbuga, hajawahi kusoma kuhusu mtu wa namna hiyo.

Mjomba alikuwa kiti changu, cha msaidizi, mikono mapajani. Nilitaka kumtania, nikakaza macho barabarani.

Tulipofika ofisini habari zilikuwa zimetangulia, maana Bwana Kofia alikuwa ameshaituma ile picha kwa bosi kabla hatujafika getini. Bosi wetu ni mama mmoja mnene wa sauti ndogo, ambaye ukimkosea hapandishi sauti, anaishusha. Alitukaribisha ofisini kwake wote wanne. Feni ilikuwa inazunguka kwa kulalamika, ramani ya mbuga imejaa pini za rangi, na kwenye kompyuta yake picha ya mjomba imejaza kioo kizima.

"Darubini," akasema, "umeniletea biashara ya mwaka mzima."

Wafanyakazi wengine walikuwa wanachungulia mlangoni. Fundi wa karakana akapiga makofi. Bwana Kofia akasema wameamua na mke wake: kesho hawataki gari. Wanataka kutembea kwa miguu porini, safari ya miguu ya kutwa, na anayewaongoza awe huyuhuyu, hakuna mwingine.

"Mwongozaji wa miguu ni mgonjwa," akasema bosi, "lakini Darubini alikuwa anatembeza watu zamani. Askari mwenye bunduki atakuwa nyuma. Wewe mbele. Unasemaje?"

Nikamtazama mjomba. Nilikuwa na hakika atakataa. Angesema mgongo, angesema mguu, mjomba ana visingizio vingi kuliko vipuri vya karakana.

Mjomba alinyoosha kola ya shati. Nikamwona anarudi kuwa yule wa kwenye picha ya mapokezi. Ilikuwa zamani tangu apigiwe makofi bila mimi kumsukuma bega kwanza.

"Nitawatembeza," akasema.

Mbele. Bila gari, bila mlango, bila mimi. Yeye wa kwanza kwenye nyasi, na daktari wa meno nyuma yake anatazama mbali.

"Bosi," nikasema. "Mjomba hakumwona yule simba."

Ofisi yote ikacheka. Fundi akasema, "Redio imeshika mawimbi." Bosi naye akatabasamu, akinipungia mkono ninyamaze. Ndipo nikaelewa kitu kibaya: miaka yote nilikuwa nawafundisha watu kutoniamini, na walikuwa wamefaulu.

"Sitanii."

"Huyu hata akiugua atatania," akasema mjomba, anacheka pia, lakini macho yake yalikuwa yananitafuta na hayakunifikia vizuri. "Mwanangu, nenda ukaoshe gari."

"Siendi, mjomba. Simba alikuwa mbele yako na ukaniuliza wapi."

Kicheko kikapungua upande mmoja, kikaendelea kidogo upande mwingine, kikafa. Bwana Kofia alikuwa anamtazama mkewe amweleze tunasema nini. Mkewe hakuwa anaelewa lugha yetu, lakini alikuwa ananitazama usoni kama anavyomtazama mgonjwa anayesema haumwi. Akauliza kwa lugha yake, polepole, "Hilo neno ulilosema sasa hivi. Kule kwa simba yeye ndiye alilisema, ukamjibu. Alikuuliza nini?"

Mjomba alilisikia swali, nayo lugha anaijua. Akainamisha kichwa.

Bosi akaegemea kiti. Aliposema, sauti ilikuwa imeshuka mpaka ikabidi feni iisubiri.

"Darubini. Hebu niambie, saa ya ukutani hapo inasema saa ngapi?"

Saa ilikuwa juu ya mlango, kubwa, uso mweupe. Mjomba aliugeukia mlango. Akatazama kwa utulivu wa mtu anayesoma.

"Kumi na mbili kasoro," akasema.

Nikapumua. Nilikuwa na saa ya simu, na kweli ilikuwa kumi na mbili kasoro. Kwa sekunde moja nilifurahi, ndivyo damu ilivyo. Nilifurahi kwamba nimeumbuka.

Bosi hakufurahi. Alivua miwani yake, akaiweka juu ya meza.

"Saa ile ilikufa wiki iliyopita," akasema. "Inaonyesha saa mbili na nusu. Kila aliyeingia humu leo ameniambia ninunue betri."

Wa mlangoni wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kazi. Bosi akawaeleza wageni kwa upole habari ya macho ya mjomba, na kwamba safari ya miguu haitakuwepo kesho, atawapa gari na dereva mwingine. Kisha akamwambia mjomba kwamba hatagusa usukani wa kampuni mpaka alete karatasi ya daktari wa macho, iwe imesema ndiyo au imesema hapana. Na mimi akaniambia nikae nyumbani wiki mbili nifikirie ni kitu gani hasa nilikuwa naficha, na maisha ya nani. Hakukosea.

Daktari wa meno akamfuata mjomba mpaka mlangoni. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Uliambiwa yupo, na ukabaki umesimama," akamwambia. "Mume wangu alikuwa nyuma yako. Hilo nililiona kwa macho yangu." Mjomba akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Tukaenda nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa anatembea haraka kuliko kawaida, anataka kuniacha nyuma. Maduka yalikuwa yanawashiwa taa, mafundi cherehani wanaingiza mashine zao ndani, na pikipiki zinapita bila adabu. Kila alipokaribia ukingo wa njia nilimsogelea. Sikumshika. Nilijua nikimshika tu, hatanisemesha tena maisha yake yote.

Kwenye barabara kubwa akasimama. Magari yalikuwa yanapita kwa kasi, taa zimewashwa, na nikajua kwake zote zilikuwa mwanga mmoja mrefu usio na mwanzo. Akasimama hapo kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshavuka mara tatu.

Nikaja nikasimama kando yake. Sikuweka mkono begani.

"Umeniaibisha," akasema, akitazama mbele.

"Ndiyo, mjomba."

"Mbele ya fundi. Yule fundi atakula hiyo hadithi mwezi mzima."

"Ataila hata Krismasi."

Midomo yake ikajikunja kidogo, ikarudi. Lori likapita, upepo wake ukatupeperushia mashati.

"Alikuwaje?" akauliza.

"Nani?"

"Simba. Nimesimama naye pale, nimemsikia, nimemnusa. Alikuwaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, bila utani wowote, kila nilichoweza kukumbuka: jinsi mabega yalivyopanda juu ya kichwa, rangi ya nyasi iliyoendelea mgongoni kwake bila mpaka, manyoya meupe chini ya kidevu yenye matope, watoto wawili, mmoja wao kichwa kimenasa kwenye nyasi. Nikamweleza sikio la kushoto lenye pengo.

"Pengo juu au ubavuni?"

"Ubavuni. Kama limetobolewa."

"Mama yake alikuwa mkali hivyohivyo," akasema mjomba. "Nilikuwepo fisi walipolirarua hilo sikio. Huyu alikuwa mdogo, hata kunguruma hajui." Akajifuta vumbi usoni. "Kumbe ana watoto."

Magari yakapungua. Nikasema, "Sasa, mjomba," naye akavuka nami, bega kwa bega, mpaka upande wa pili.

Mbele ya nyumba yake mwanga wa jikoni ulikuwa umewaka na pasi ilikuwa inanukia. Akasimama nje ya mlango, mkono kwenye komeo, hakufungua.

"Kesho utanipeleka kwa watu wa macho," akasema. "Lakini ukae nje. Huko ndani nitasema mwenyewe."